Jibu: Binti hali chakula, nimeambiwa nimpeleke mafunzo ya mawimbi ya ubongo

Pole sana, dada wa Nyegezi. Binti wa miaka 15 anakataa kula, anajipima uzito kila asubuhi, na sasa unashauriwa uuze kiwanja umpeleke Nairobi kwa mafunzo hayo.

Kiwanja usiguse kwanza. Kwenye mafunzo hayo wanabandika nyaya kichwani zinazosoma umeme wa ubongo, mtoto akitazama skrini inayobadilika kadiri anavyotulia. Hayaumi, lakini ushahidi wake kwa ugonjwa huu wa kujinyima chakula bado ni mdogo. Kwa umri wake, tiba iliyothibitika zaidi ni ya familia: wazazi mnashika usukani wa milo, mnakaa naye hadi sato aishe kwenye sahani, bila kufoka wala kutaja unene. Inachosha, sikufichi. Kwa mdogo wangu mlo mmoja ulikula saa nzima. Na mashangazi wa "mbona umekonda?" waambie wanyamaze.

Ila anzia hospitali ya Bugando. Apimwe mapigo ya moyo na potasiamu (madini yaliyomo kwenye damu), kisha omba daktari wa afya ya akili. Akizimia, au mapigo yakishuka chini ya 50 kwa dakika, nenda dharura usiku huohuo. Na kama ameshinda siku nyingi bila kula, usimshindilie chakula ghafla. Hilo nalo linaweza kumuua.