Maswali ya safari: Mumbai ni ndefu, si pana

SWALI: Shikamoo Bi Mkubwa. Mama amepewa miadi mwezi wa saba katika hospitali ya saratani iliyoko Parel, Mumbai. Tutampeleka mimi na kaka yangu. Kaka anashikilia tuchukue chumba karibu na uwanja wa ndege kwa kuwa amekuta bei nzuri, kisha tukodi gari na dereva kwa siku zote. Mimi naona pesa zitatuishia barabarani. Lakini treni za huko nimeziona kwenye video, watu wananing'inia milangoni. Tufanyeje?
Binti wa Likoni

JIBU: Marahaba mwanangu. Mungu ampe mama shifaa.

Kaka yako ametazama bei, hakutazama ramani. Mumbai ni kipande cha ardhi kilichochomoza baharini, kirefu toka kaskazini hadi kusini na chembamba ubavuni. Uwanja wa ndege uko kaskazini, upande wa Andheri. Parel iko kusini yake, kilomita 15 hivi. Asubuhi mji mzima unateremka kusini kwenda kazini, jioni unapanda kurudi. Mkilala karibu na uwanja huo mtakuwa ndani ya mkumbo huo kwenda na kurudi, na gari la kukodi halikupi barabara yako peke yako. Mimi huenda huko kununua vitambaa, nina afya yangu, na foleni ile hunitoa machozi. Sembuse mtu aliyetoka kutiwa dawa.

Laleni Parel penyewe, au Dadar hapo jirani. Chumba kitakuwa kidogo na pengine ghali zaidi, lakini mtakwenda hospitali kwa miguu au kwa teksi ya dakika chache. Kabla hujalipa, waulize wenye nyumba kama wanapokea raia wa kigeni. Sheria ya India inawataka wapeleke taarifa za kila mgeni wa nje kwa uhamiaji, kwa fomu iliyozoeleka kwa jina la Fomu C, na nyumba ndogo nyingi hukwepa kazi hiyo kwa kumkatalia mgeni mlangoni. Nimewakuta watu wa pwani yetu usiku wa manane wamekalia masanduku yao kwa sababu hiyo. Jibu la ndiyo litake kwa maandishi.

Siku ya kufika msihangaike na treni. Ndani ya jengo la wanaowasili, Terminal 2, kuna madirisha ya teksi za kulipia kabla: unataja mtaa, unalipa, unapewa risiti. Anayekufuata ukumbini akisema "teksi, teksi" mpite tu. Siku nyingine, teksi nyeusi na njano za mjini ni za mita, na mita zao naziamini kuliko maneno ya dereva yeyote wa Mombasa. Tangu Februari 2025 teksi huanzia rupia 31, na baada ya saa sita usiku hadi alfajiri saa kumi na moja huongezwa robo. Dereva akikataa kuwasha mita, shuka. Nyuma yake kuna mwingine.

Sasa treni. Hizo video ni za kweli, ila ni za saa fulani na upande fulani. Kati ya saa mbili na saa tano asubuhi usijaribu kuingia treni inayoelekea kusini, wala jioni, toka saa kumi na moja hadi saa tatu usiku, inayoelekea kaskazini. Ukienda kinyume cha watu, au saa za mchana, utapata hata pa kukaa, na nauli ya daraja la pili huanzia rupia 5. Kuna mabehewa ya wanawake peke yao. Wewe ukiwa peke yako panda hayo. Na kaka yako pengine hajui hili: treni za mji ule zina chumba maalumu cha walemavu ambacho wagonjwa wa saratani pia wanaruhusiwa. Mama atembee na karatasi ya hospitali mkobani. Pamoja na hayo, siku ya matibabu mchukulieni teksi.

Mwezi wa saba ni kusi. Upepo ule ule unaotuchafulia bahari sisi ndio unaowapelekea wao mvua, toka Juni hadi Septemba. Tarehe 26 Julai 2005 ilinyesha milimita 944 kwa siku moja, mji ukasimama. Mvua ya namna ile ni nadra, lakini kila mwaka kuna siku ambazo reli hufunikwa maji, na Hindmata, karibu kabisa na Parel, ni bonde linalojulikana kwa kufurika. Hiyo ni sababu nyingine ya kutolala mbali. Mwambie daktari mapema mfanyeje mvua ikikatiza miadi.

Mambo mawili ya kumaliza hapa nyumbani. Mama aombe viza ya matibabu, na ninyi ya wasindikizaji wa mgonjwa. Kwa njia ya mtandao huruhusiwa wawili, kwa hiyo mnatosha. Tumieni tovuti ya serikali ya India yenyewe, maana za matapeli zimejaa na zinapendeza kuliko ya kweli. La pili ni kadi ya homa ya manjano. Anayetoka Kenya lazima awe nayo, na chanjo iwe imetimiza siku 10, la sivyo huweza kuwekwa karantini hadi siku 6. Lakini usikimbilie kumchanja mama. Chanjo ile ina virusi hai na mgonjwa wa saratani huenda isimfae. Muulizeni daktari wake kwanza, na akikataza, nendeni ubalozi wa India na barua yake kabla ya kununua tiketi.

SWALI: Bi Mkubwa, nafuata vitambaa soko la Mangaldas, huko huko Mumbai. Rafiki amenitafutia chumba Andheri, anasema bajaji zimejaa. Nitafika sokoni kwa bajaji?
Mfanyabiashara, Kariakoo

JIBU: Hutafika. Riksha, kama wanavyoziita wao, mwisho wake ni Mahim na Sion. Kusini ya hapo haziruhusiwi. Zitumie Andheri, zina mita, zinaanzia rupia 26. Kwenda sokoni panda metro ya chini ya ardhi, ile Laini ya 3 iliyofika hadi Cuffe Parade, kusini kabisa ya mji, mwezi Oktoba 2025. Ina kiyoyozi, inapita uwanja wa ndege, na ina kituo cha Kalbadevi, ambacho si mbali na Mangaldas. Marobota ukishanunua, kodi teksi na ukubali foleni.

Jumapili usipange biashara. Soko hufungwa, na treni za kawaida, zisizo za metro, hupunguzwa kwa ajili ya matengenezo ya reli. Ukitaka kwenda kuzuru kaburi la Haji Ali, lililo baharini, siku hiyo, ulizia kwanza maji yanajaa saa ngapi, kwa sababu njia ya kwendea hufunikwa na bahari na utasubiri kule hadi yatoke.