OK haikutoka vitani

Ndugu uliyeuliza kama OK ni kifupi cha “0 Killed”, yaani hakuna aliyeuawa, kutoka vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani: hapana. Vita vile vilianza 1861, na OK ilishachapishwa kwenye gazeti la Boston Morning Post tangu Machi 23, 1839. Wahariri wa Boston walikuwa na mchezo wa kufupisha maneno waliyoyakosea kwa makusudi. “All correct” wakaiandika “oll korrect”. Utani wa kitoto kabisa, ila 1840 ukapata bahati. Rais Martin Van Buren, mzaliwa wa Kinderhook, New York, aliitwa Old Kinderhook, na wafuasi wake wakaanzisha OK Club. Uchaguzi akashindwa, OK ikabaki. Aliyefukua haya ni mwanaisimu Allen Walker Read, miaka ya 1960.