Ngome iliyogeuka misheni: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema tulipomzika mama yako mkubwa hapa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mkwe wangu alikuuliza mambo mawili: kwa nini misheni yetu imejengwa kama ngome, na kwa nini ukoo wetu haujitaji kabila. Ukakosa la kumjibu. Kosa ni langu, maana nilikusimulia vipande vipande tu. Leo nakuandikia yote, kwa sababu maswali hayo mawili yana mzizi mmoja.

Ngome ilitangulia, misheni ikafuata. Mwaka 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji, alijenga kituo hapa katika nchi ya Wabende kwa niaba ya chama cha Mfalme Leopold II. Mwaka huohuo watu wa Leopold walishusha Msasani, karibu na Dar es Salaam, tembo wanne wa kutoka India, waone kama watabeba mizigo badala ya wapagazi. Akafika Karema mmoja tu, naye hakudumu.

Wakati huo maji yalikuwa karibu na ngome. Mto Lukuga, ng'ambo upande wa Kongo, ndio mlango wa kutolea maji ya ziwa letu, na ulikuwa umeziba. Ulipozibuka miaka ileile, ziwa likaanza kupungua, likashuka kama mita 10 katika miaka iliyofuata. Mweleze mkwe wangu kwamba ngome haikujengwa mbali na ufuko. Ziwa ndilo lililoondoka.

Mkutano wa Berlin ulipokwisha mwaka 1885, upande huu ukawa wa Wajerumani, na Leopold akaelekeza macho Kongo. Kituo wakakabidhiwa Mapadri Weupe, shirika la Kadinali Lavigerie. Mwaka uliofuata akaja Kapteni Joubert, Mfaransa aliyewahi kuwa askari wa Papa, kusaidia kulinda misheni za ziwani, maana misafara ya watumwa ilikuwa bado inapita.

Sasa nakuja kwetu. Mapadri walikuwa wakiwakomboa watumwa kwa mali, hasa watoto. Watoto hao walilelewa misheni, wakaozana wao kwa wao, wakapewa mashamba, na kijiji kikakua kuzunguka kuta zile. Bibi mzaa babu yangu alikuwa mmoja wao. Watu walimwita Mmanyema kwa sababu msafara uliomleta ulitokea Manyema, mashariki mwa Kongo, lakini yeye mwenyewe hakujua kwao ni wapi. Alichobaki nacho ni wimbo mfupi wa kubembelezea mtoto. Babu aliukariri, akatuimbia, na hakuna mgeni aliyewahi kutuambia ni lugha gani.

Sitakuficha kwamba maisha yao yaliendeshwa kwa kengele: kuamka, kusali, kwenda shamba. Mtoto aliyekombolewa hakuwa na kwao pa kurudi, na hakuna aliyemuuliza kama anataka kubaki. Nawashukuru mapadri wale kwa moyo wote, kwani bila wao mimi na wewe tusingekuwepo. Hata hivyo, nikiufikiria wimbo ule, kifua kinabana.

Umjue na Mzee Adrian Atiman. Naye alichukuliwa utumwani akiwa mtoto, huko karibu na Timbuktu. Mapadri wakamkomboa Aljeria, wakampeleka Malta kusomea uganga wa kizungu. Alifika hapa mwaka 1889, akaoa hapa, akawatibu watu wa ziwa hili hadi alipofariki mwaka 1956. Hesabu mwenyewe: miaka 67! Ukitaka kumjua mtu mkubwa aliyetoka katika kijiji chetu, anza na huyo, mtu aliyeuzwa kama mbuzi akaja kuwa daktari wa watu wasio wa kabila lake. Kaburi lake liko hapahapa.

Kwa hiyo akikuuliza tena kabila, usione haya wala usibuni. Mwambie upande wa bibi yako ni Wabende, wenye nchi, na upande wa babu ni watu wa misheni, waliokutana hapa kila mmoja na njia yake.

Mkija Desemba, mlete. Migebuka mikavu, samaki wa ziwa letu, nimeshaanza kumwekea. Tutatoka asubuhi kabla jua halijawa kali, tuanzie ukutani, tuteremke hadi majini, naye ahesabu hatua.

Baba yako