Selo Inaweza Kuongoza Kundi la Jazi?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba Tomeka Reid wa Marekani anaongoza kundi la jazi la watu wanne akipiga selo, ala ya nyuzi kama fidla kubwa, inayopigwa kwa kusugua nyuzi kwa upinde au kuzidonoa kwa vidole. Kwa kuwa besi imo tayari, selo ina kazi gani, na jukwaani haimezwi na ngoma?

JIBU: Ndugu msomaji, katika kundi hilo, lililotoa albamu yake ya kwanza mwaka 2015, Mary Halvorson hupiga gitaa, Jason Roebke besi na Tomas Fujiwara ngoma. Kwa kuwa Roebke ndiye anayeshikilia msingi, Reid hubaki huru kuongoza melodia kwa upinde, kudonoa nyuzi kwa vidole, au kumsindikiza Halvorson anapobuni muziki papo hapo. Oscar Pettiford, mpiga besi mashuhuri, alikuwa akiidonoa selo katika jazi tangu karibu mwaka 1950, lakini kwangu mimi uzuri mkubwa wa Reid umo katika upinde.

Hofu ya kumezwa ni ya haki, kwani selo haina nguvu ya saksofoni; kwa hiyo jukwaani sauti yake hukuzwa kwa vyombo vya umeme, na mpiga ngoma mwenye busara hupunguza mkono. Ukipata nafasi ya kuwatazama, sikiliza hasa pale selo na gitaa zinapojibizana.