Muulize Bibi Nesi: Mtoto, masikio na ndege ya Songwe

SWALI: Shikamoo bibi. Mwanangu wa kiume ana mwaka mmoja na miezi kumi na moja. Baba yake yuko kikazi Dar es Salaam, na safari hii ametukatia ndege kutoka Songwe badala ya basi. Tunaondoka mwishoni mwa mwezi huu na tutarudi baada ya wiki sita. Mimi mwenyewe sijawahi kupanda ndege, na huyu mtoto hatulii hata kwenye daladala ya Mbalizi. Jirani kaniambia masikio yatamuuma alie mpaka azimie. Mama mkwe anasema nimpe Piriton alale njia nzima. Nianzie wapi? – Mama wa mtoto mmoja, Iwambi, Mbeya

JIBU: Marahaba mwanangu. Anzia kwenye tiketi, maana hapo kuna jambo ambalo hukuliuliza, na ndilo litakalowagharimu.

Mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili hupakatwa. Hana siti, na nauli yake huwa ndogo; mashirika mengi hutoza kama asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima. Siku akitimiza miaka miwili anakuwa abiria kamili mwenye siti yake, na nauli inapanda. Sasa hesabu: wako ana miezi 23. Atakwenda akiwa wa kupakatwa, atarudi akiwa mwenye siti. Kinachotazamwa ni umri wake siku ya kusafiri, wala si siku baba yake aliyokata tiketi. Mpigie mumeo leo, amuulize wakala kama tarehe ya kuzaliwa imeandikwa sawasawa na kama siti ya kurudia ipo. Afadhali hela itoke sasa kuliko mje kubishana kaunta Dar huku foleni nzima inawatazama.

Beba cheti cha kuzaliwa. Wengi huja na kadi ya kliniki pekee wakidhani inatosha, halafu inategemea wamemkuta nani kaunta. Kama hujakichukua, mkoa wetu ulikuwa miongoni mwa ya mwanzo, mwaka 2013, kuanza utaratibu wa RITA, wakala wa serikali wa vizazi na vifo, wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano kwenye vituo vya afya na ofisi za kata bila malipo. Sisi wa huku hatuna kisingizio.

Tuje kwenye masikio. Jirani yako amekutisha bure, ila hakutunga uongo. Nyuma ya ngoma ya sikio kuna kijichumba chenye hewa, na kutoka hapo kuna kijia kinachotokea nyuma ya pua. Ndege ikipaa, hewa ya kijichumba hicho hujitokea yenyewe bila taabu. Ikishuka, mgandamizo wa hewa unaongezeka, unasukuma ngoma kwa ndani, na kijia hakifunguki mpaka mtu ameze kitu au apige miayo. Kwa mtoto mdogo kijia chenyewe ni chembamba na kimelala, kwa hiyo huziba upesi. Waliowahi kuteremka Kitonga kwa basi wanaijua hali hiyo: sikio linajaa, unameza mate, linafunguka.

Kwa sisi wa nyanda za juu kuna jambo la ziada ambalo watu wa pwani hawalifikirii. Ndege ikiwa juu kabisa, hewa ya ndani hufanana na ya mlimani, kwa kawaida si zaidi ya ile ya mita 2,400. Mjini Mbeya tunalala na kuamka kwenye kama mita 1,700, na uwanja wa Songwe wenyewe uko juu ya mita 1,300. Mwanao akipaa kutoka Songwe, mabadiliko kwake ni madogo. Kazi iko kwenye kutua Dar, maana pale mnateremka mpaka usawa wa bahari. Mkirudi, mambo yanageuka: mtatua Songwe mkiwa bado juu, na masikio hayatasumbuka sana.

Kwa hiyo usimalize silaha zako wakati wa kupaa. Akina mama wengi humnyonyesha mtoto akashiba ndege ikiondoka, anasinzia, na ikianza kushuka hana njaa wala hamu ya kumeza. Wewe fanya kinyume. Safari ni kama saa moja na nusu. Wakati wa kupaa mpe kidogo tu, achezecheze. Ndege huanza kushuka kama dakika 20 hadi 30 kabla ya kutua. Utasikia injini zimepunguza sauti, au muulize mhudumu akustue. Hapo ndipo mnyonyeshe, au mpe kikombe chenye mrija anywe taratibu, funda moja moja. Na kama amelala, mwamshe. Najua hakuna mama anayependa kumwamsha mtoto aliyelala baada ya vurugu, lakini aliyelala hamezi mate mara kwa mara, na ndiye atakayeshtuka kwa maumivu ndege ikikaribia ardhi. Akilia, mwache alie. Kulia nako kunasaidia kufungua masikio. Abiria wa pembeni atanuna, na kununa hakujamdhuru mtu.

Utaambiwa umpe pipi anyonye. Pipi mpe mtu mzima. Mtoto wa umri huo anaweza kuivuta ikaingia njia ya hewa, hasa ndege ikitikisika. Karanga vilevile usimpe. Ndizi ya kuiva, kiazi kitamu cha kuchemsha au vipande laini vya chapati vinatosha.

Siku mbili kabla, sikiliza pua yake. Kama ana makamasi mepesi tu, matone ya maji ya chumvi ya dukani husaidia kuisafisha. Kama ana homa, au anashika sikio na kulia usiku, mpeleke kituo cha afya kabla ya kupanda. Sikio lenye uchungu tangu nyumbani halifai kupandishwa ndege, na daktari akisema msubiri, subirini.

Kuhusu Piriton, hapana. Na ninasema hivyo nikiwa nesi niliyefanya kazi wodi ya watoto mpaka nikastaafu. Ile ni dawa ya mzio, haikutengenezwa kulaza watoto. Wengine inawalegeza kupita kiasi mpaka upumuaji unakuwa wa mashaka, na mkiwa angani hakuna wodi ya kukimbilia. Wengine inawafanya kinyume kabisa: mtoto anapandwa na wazimu, anapiga mateke siti ya mbele mpaka mnatua. Halafu kumbuka nilichosema juu ya kulala wakati wa kushuka. Mama mkwe usimbishie. Mwambie nesi amekataa. Lawama nitabeba mimi.

Mkiingia ndani, mwombe mhudumu mkanda wa mtoto. Ni mkanda mdogo unaopachikwa kwenye wa kwako. Usimzungushie mtoto mkanda wako mkajifunga wawili pamoja, kwa sababu ndege ikifunga breki ghafla uzito wako wote unamkandamiza yeye. Na mbeleko, ambayo naipenda mno kwa kutembelea uwanjani, wakati wa kupaa na kutua ifunguliwe. Mtoto akae mapajani, asiwe mgongoni. Kama mtapewa ndege ya mapangaboi, kuna kelele kubwa kwenye siti za usawa wa mapanga. Omba siti ya mbali na hapo. Siti za mlango wa dharura hutapewa ukiwa na mtoto, kwa hiyo usizililie.

Saa moja na nusu ya angani si kitu. Inayomchosha mtoto ni siku yenyewe. Wewe wa Iwambi uko upande wa Songwe tayari, lakini malori ya Tunduma yakishakwama barabarani, hata Mbalizi inakuwa mbali. Ondoka mapema ufike na saa mbili mkononi. Asubuhi za ukungu ndege huchelewa, na hapo chakula ulichofungasha kwa ajili ya safari fupi kinakuwa kimeisha kabla hamjaitwa. Fungasha cha nusu siku. Uji uweke kwenye chupa ya chai, na ukiambiwa ufungue pale kwenye ukaguzi, fungua bila kununa. Pampasi mbadilishie dakika za mwisho kabla ya kupanda, maana choo cha ndege ni chembamba na ukiwa na mtoto anayerusha miguu utajuta.

Mvalishe nguo za kuvuliwa moja moja. Huku ataondoka na sweta na kofia, na atafika Dar akitoka jasho kama mkimbiaji. Nguo nyepesi ya ndani iwe tayari, sweta liingie kwenye begi. Midoli acha nyumbani. Chupa tupu yenye mfuniko na kijiko cha mbao vitamshughulisha kuliko mdoli wa betri, na vikipotea humlilii mtu.

SWALI: Bibi, tuna mapacha wa miezi minane. Mke wangu atapanda basi hadi Dar, halafu ndege kwenda Mwanza kwa wazazi wake. Mimi sipati likizo. Anaweza kuwapakata wote wawili? – Baba Mapacha, Mafinga

JIBU: Hawezi, na hata akijaribu hawatamruhusu. Mtu mzima mmoja hupakata mtoto mmoja. Apate mtu wa kwenda naye, au mumlipie pacha wa pili siti yake na mje na kiti cha mtoto ambacho shirika linakikubali. Hilo ulizeni kabla ya kulipa. Ningekuwa wewe ningemtafuta shangazi au mdogo wa mke. Mapacha wawili kwenye basi kutoka Mafinga ni kazi ya watu wawili hata kabla ya kufika uwanjani.

SWALI: Habari za siku nyingi, bibi mwenzangu. Wanangu wa Dar wamenitumia tiketi nimpeleke mjukuu wa miaka mitatu. Nataka kuwabebea ndizi, maparachichi na maziwa ya mgando. Vijana wa hapa wanacheka wanasema ndegeni havipandi. – Bibi wa Tukuyu

JIBU: Ndaga, bibi mwenzangu. Waache wacheke. Ndizi na maparachichi vinapanda, ila viende kwenye mzigo unaopakiwa chini. Pima kabisa nyumbani kwa mizani ya sokoni, kwani kilo zikizidi hulipiwa. Maparachichi chagua magumu, uyafunge kwenye kanga. Mkononi ubaki na begi dogo la mgongoni tu, kwa sababu mjukuu wa miaka mitatu akiona ngazi ya ndege atakimbia, na wewe unahitaji mkono wa kumshika. Wazazi wake wakuandikie barua fupi kwamba wamekukabidhi mtoto, uiweke pamoja na cheti chake na kitambulisho chako. Maziwa ya mgando yaache. Gesi iliyomo kwenye chupa yake hutanuka huko juu, na utakuta yamemwagikia nguo za kanisani.