Leza Moja, Diski Mbili: Majibu Kuhusu HD DVD na Blu-ray

Wasomaji kadhaa wameniletea maswali kuhusu mvutano uliokuwapo kati ya mwaka 2006 na 2008 baina ya aina mbili za diski za video ya ubora wa juu, yaani HD DVD na Blu-ray. Nimeyapanga kwa namna ambayo jibu moja litafungua njia ya lile linalofuata.

Swali: Katika boksi la diski za mitumba nimekuta filamu tatu zilizoandikwa HD DVD. Deki yangu ya Blu-ray inasoma DVD za kawaida bila shida, lakini hizi inazikataa. Je, zimeharibika?

Yawezekana kabisa kwamba ni nzima, ila zilitengenezwa kwa ajili ya deki ya aina nyingine. Diski za HD DVD na za Blu-ray zote husomwa kwa leza ya buluu-zambarau yenye urefu wa wimbi wa nanomita 405, ilhali DVD ya kawaida husomwa kwa leza nyekundu ya nanomita 650. Wimbi likiwa fupi, mwanga huweza kukusanywa katika nukta ndogo zaidi, na kwa hiyo vijishimo vinavyobeba picha na sauti huweza kusongamana zaidi katika diski yenye ukubwa uleule, kama vile mwandishi mwenye kalamu ya ncha nyembamba anavyoweza kujaza maneno mengi zaidi katika ukurasa mmoja.

Kinachozitenganisha ni kina. Katika HD DVD tabaka la data limelala milimita 0.6 chini ya uso wa diski, sawasawa na DVD. Katika Blu-ray limelala milimita 0.1 tu, na lenzi yake hukusanya mwanga kwa pembe pana zaidi. Ndiyo maana tabaka moja la Blu-ray hubeba gigabaiti 25 na mawili 50, wakati HD DVD ilibeba 15 na 30. Deki yako inasoma DVD kwa sababu watengenezaji waliiwekea leza nyekundu kwa kusudi hilo. Kwa HD DVD hawakuona haja. LG ilitoa mwaka 2007 deki iliyosoma aina zote mbili, nawe ukibahatika kuipata, au ukapata deki ya zamani ya HD DVD ya Toshiba, utaweza kuzijaribu diski zako.

Swali: Kama leza ilikuwa ileile, kwa nini kampuni hazikukubaliana kutoa diski moja?

Swali hili ndilo kiini cha jambo lote, na jibu lake linaanzia mwaka 1995. Wakati huo pia kulikuwa na kambi mbili. Sony na Philips walikuwa na diski waliyoiita MMCD, nao Toshiba, wakiwa pamoja na Time Warner, Matsushita, Hitachi, Pioneer, Thomson na wengineo, walikuwa na diski waliyoiita SD. Kampuni za kompyuta, zikiongozwa na IBM, zilikataa kuburutwa katika ugomvi huo na zikashinikiza pande zote mbili ziafikiane. Mwaka huohuo zikaafikiana, na DVD ikazaliwa, umbile lake kwa sehemu kubwa likiwa la kambi ya Toshiba. Mnunuzi hakuulizwa achague upande, na DVD ikaenea duniani kote kwa kasi.

Makubaliano hayo yaliacha jambo moja zito: mrabaha. Kila deki na kila diski inayotengenezwa huwalipa wenye hataza, yaani haki ya kisheria juu ya uvumbuzi, na aliyeweka hataza nyingi katika umbo lililokubaliwa huvuna kwa miaka mingi. Kwa hiyo Februari 2002, kampuni tisa zilipotangaza Blu-ray, Sony na Philips walikuwamo, lakini walikuwamo pia Matsushita, Hitachi, Pioneer na Thomson, ambao miaka saba kabla walikuwa upande wa Toshiba. Toshiba na NEC walijibu kwa kupeleka pendekezo lao kwenye Jukwaa la DVD, yaani chama cha kampuni kilichosimamia kanuni za DVD, ambalo mwaka 2003 lililikubali na kulipa jina la HD DVD.

Itakuwa si haki kusema kwamba pesa ndizo pekee zilizozungumza. Toshiba walikuwa na hoja ya kweli, kwamba kwa kuwa tabaka la data lilibaki milimita 0.6, viwanda vya DVD vingeweza kubadilishwa kwa gharama ndogo vikatoa HD DVD. Hoja ya upande wa Blu-ray nayo ilikuwa ya kweli, kwamba diski itakayotumika kwa miaka mingi inapaswa kuwa na nafasi ya kutosha tangu mwanzo. Udhaifu wake ulikuwa mikwaruzo: data iliyo karibu hivyo na uso wa diski huharibika kwa urahisi, na diski za kwanza za kurekodia zilizouzwa Japani mwaka 2003 zililazimika kufungiwa ndani ya kasha la plastiki. Tatizo hilo lilitatuliwa kampuni ya TDK walipobuni mpako mgumu wa kulinda uso wa diski.

Mwaka 2005 pande mbili zilikaa tena mezani. Zilikwama palepale, milimita 0.1 au 0.6, kwa sababu hapakuwa na kipimo cha kati ambacho kingemwachia kila mmoja hataza zake. Naamini huo ndio wakati ambapo mnunuzi aliachwa peke yake. Waliokaa mezani walijua fika kwamba mmoja wao angeshindwa, na walijua kwamba hasara ya atakayeshindwa ingewafikia watu waliomwamini na kumnunulia deki.

Swali: Picha ya ipi ilikuwa nzuri zaidi?

Kwa macho ya mtazamaji wa nyumbani, zilikuwa sawa. Zote zilitoa picha ya nukta 1920 kwa 1080, na zote ziliruhusu mbinu zilezile tatu za kubana video. Tofauti ilitokana zaidi na uangalifu wa studio katika kuiandaa filamu kuliko aina ya diski.

Swali: Basi ni nini hasa kilichoiangusha HD DVD, ambayo deki zake zilikuwa za bei nafuu?

Ni kweli zilikuwa nafuu. Deki ya kwanza ya Toshiba iliingia Marekani Aprili 2006 kwa dola 499, na miezi miwili baadaye deki ya kwanza ya Blu-ray, ya Samsung, ikaingia kwa takribani dola 1,000. Lakini Novemba mwaka huo Sony walitoa PlayStation 3, na kila moja ilikuwa na Blu-ray ndani yake. Mtu aliyenunua mashine ya michezo alijikuta ana deki ya Blu-ray sebuleni hata kama hakuifikiria. Microsoft, waliokuwa upande wa Toshiba, waliiuza HD DVD kama kifaa cha kuongezea kwenye Xbox 360 kwa dola 199, na wengi hawakukinunua. Kufikia mwanzoni mwa 2008, zaidi ya PlayStation 3 milioni 10 zilikuwa zimekwisha kusafirishwa kwenda madukani duniani.

Jambo la pili ni filamu zenyewe. Sony walikuwa wamewahi kuonja kushindwa: walitoa kanda za Betamax mwaka 1975, JVC wakatoa VHS mwaka 1976, na VHS ikatawala. Mwaka 1989 Sony waliinunua Columbia Pictures, na hivyo katika mvutano huu walikuwa na studio yao wenyewe. Disney na Fox waliwaunga mkono. Universal walibaki na HD DVD peke yake, huku Warner na Paramount wakitoa filamu kwa aina zote mbili. Agosti 2007 Paramount na DreamWorks Animation walihamia HD DVD pekee, na gazeti la The New York Times liliripoti kwamba walipewa motisha za dola milioni 150. Mtu aliyekuwa amenunua deki ya Blu-ray kwa ajili ya filamu za Paramount alifungiwa mlango kwa mkataba ambao hakuwa na sauti ndani yake, na jambo hilo lilinikera sana nilipolisoma.

Pigo la mwisho lilitoka kwa Warner, muuzaji mkubwa kuliko wote wa filamu za nyumbani. Tarehe 4 Januari 2008, siku chache kabla ya maonyesho ya vifaa vya elektroniki ya Las Vegas, walitangaza kwamba wangetoa Blu-ray pekee. Kundi la HD DVD likafuta mkutano wake na waandishi wa habari. Februari zikafuata Netflix, waliokuwa wakikodisha diski, na maduka ya Best Buy na Walmart, na tarehe 19 Februari Toshiba wakatangaza kwamba wanaacha.

Swali: Waliokuwa wamekwisha kununua HD DVD walifidiwa?

Kidogo sana. Best Buy walitoa kadi za ununuzi za dola 50 kwa wateja walionunua deki hizo kwao, na mwaka 2009 Warner waliwaruhusu watu kubadilisha diski za HD DVD kwa Blu-ray kwa ada ya dola 4.95 kila moja. Wengine walibaki na mashine nzima isiyo na filamu mpya. Kwa maoni yangu, Toshiba ndiyo iliyopaswa kuongoza katika kuwafidia.

Swali: Ninaishi Muscat. Diski ninazonunua huku zitasomwa na deki ya ndugu zangu Zanzibar?

Kama ni Blu-ray, ndiyo. Blu-ray iligawa dunia katika maeneo matatu, A, B na C, na deki inaweza kuikataa diski ya eneo jingine. Oman, Afrika na sehemu kubwa ya Ulaya zimo katika eneo B. Kwa DVD mambo ni tofauti, maana Oman iko eneo la 2 na Afrika Mashariki eneo la 5, hivyo deki ambayo haijarekebishwa ili isome maeneo yote inaweza kuikataa diski yako. Ndugu zako walioko Marekani wapo eneo A, na ni vema waangalie alama ya nyuma ya kasha kabla ya kutuma. HD DVD haikuwa na mgawanyo huo kabisa, na hilo ni jema lake ambalo nasikitika kwamba lilipotea nayo. Kwa bahati nzuri, diski za Ultra HD Blu-ray zilizoanza mwaka 2016 nazo hazina misimbo ya maeneo.

Swali: Je, bado inafaa kununua deki ya Blu-ray sasa?

Kwa anayependa filamu na anataka kubaki nayo, ndiyo, kwa sababu filamu iliyo katika intaneti inaweza kuondolewa siku yoyote ambapo mkataba wa mwenye huduma unakwisha. Ila usikawie. Samsung waliacha kuleta deki mpya Marekani mwaka 2019, na Februari 2025 Sony walisitisha kutengeneza diski tupu za Blu-ray za kurekodia. Filamu bado zinatolewa, lakini watengenezaji wa deki wanazidi kupungua, kwa hiyo chagua deki ambayo fundi wa karibu nawe anaweza kuipatia vipuri, hasa kichwa cha leza.