Mleta uzi, usikae kimya "hadi uzoee"

Hapana, mdogo wangu. Umeuliza hosteli au geto (chumba cha kupanga nje ya chuo), umeuliza laptopu, umeuliza bumu, yaani hela ya mkopo ya kujikimu, likichelewa utakula nini. Halafu katikati umepitisha haraka haraka kwamba wewe ndiye wa kwanza ukoo mzima kufika chuo, unajiona kama unakwenda kwenye sherehe ambayo hukualikwa, kwa hiyo mwaka wa kwanza utakaa kimya, usijulikane na mtu, hadi uzoee. Hayo mengine yote nimeyasahau hapo hapo. Mimi nilifanya hivyo hivyo, na nilipoteza mwaka mzima.

Natokea kijijini huko Rukwa. Baba aliishia darasa la saba, mama hakufika hata hapo. Niliingia chuo 2012, bumu likiwa 7,500 kwa siku. Siku ya usajili wenzangu walikuja na wazazi wanaowaonyesha: pale kwa mhasibu, kule maktaba, dirisha lile usipange foleni. Mimi nilikuwa na begi langu la shangazi kaja, nafuata watu wanakoelekea. Kwenye semina TA, yule mkufunzi msaidizi, akiuliza swali, waliosoma Kiingereza tangu chekechea wanamjibu kama wanaongea na mjomba wao. Jibu ninalo, maneno yananikwama kooni. Nikahamia kiti cha nyuma kabisa.

Sasa kulikuwa na kaka mmoja wa kwetu, yuko mwaka wa tatu. Ndiye mtu pekee niliyemjua mji mzima, kwa hiyo neno lake lilikuwa sheria. Akaniambia: "Chuo si sekondari. Wahadhiri hawataki kusumbuliwa. Ukienda ofisini wanakukariri sura, wakishakukariri wanakukamata. Pita kimya, chukua shahada yako." Nikamshukuru!

Semesta ya pili, wiki ya UE, yaani mitihani ya mwisho wa semesta, malaria ikanilaza hospitali siku tatu. Mitihani miwili ikanipita. Daktari akanipa ED, karatasi ya ruhusa ya ugonjwa, imepigwa muhuri, tarehe zote zipo. Unajua niliipeleka wapi? Niliikunja nikaiweka kwenye madesa yangu, yaani notisi. Nilidhani chuo kitaona jina langu halipo kisha mtu ataniita, kama mwalimu wa darasa alivyokuwa akituita. Hata mwenzangu wa chumbani sikumwambia. Aliniona nimelala mchana akadhani nimemaliza mitihani.

Hakuna aliyeniita. Matokeo yakatoka: masomo mawili sikufanya mtihani, bila taarifa. Ukijumlisha na mengine niliyoshindwa, nikatakiwa kurudia mwaka. Na mwaka huo wa kurudia sikupata mkopo.

Ndipo kwa mara ya kwanza nikaingia ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Mama aliyekuwepo akaisoma ile ED, akatazama tarehe, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, karatasi hii ilikuwa wapi?" Akanieleza kwamba ningeileta wiki ile ile ningepangiwa spesho, yaani mitihani maalumu, nikaifanya mitihani yangu kama mtu yeyote aliyeugua. Neno spesho nililisikia siku hiyo. Mwenzangu wa chumbani, ambaye baba yake anafundisha chuo, alilijua kabla hajafika hata kujisajili. Mimi ningempigia nani nyumbani aniambie? Mama yangu akipiga anauliza masomo yanaendaje, najibu salama, tunaagana.

Baba aliuza maksai wawili, ndio jozi yetu ya plau, nikalipa ada. Msimu ule nyumbani walilima kwa jembe la mkono. Hilo sijawahi kulisema mbele ya mtu.

Yule kaka nilimfuata nikamweleza yaliyonikuta. Akasema, "Pole sana, mimi hilo halijawahi kunikuta." Hasira yangu mpaka leo iko hapo. Hajawahi kuugua wakati wa UE, hajawahi kugonga mlango wa mhadhiri hata mmoja, na bado alinieleza kilichoko nyuma ya ile milango kwa uhakika wote ule! Nawaona humu pia mnaomwambia mtoto wa watu "chuoni kila mtu na lwake". Mna ndugu waliosoma mkawauliza. Yeye hana.

Kwa hiyo nisikilize: julikana kabla ya shida. Katika wiki mbili za kwanza chagua mhadhiri mmoja tu. Wengi wana karatasi mlangoni inayoonyesha saa za kuonana na wanafunzi, na hizo saa ni zako. Nenda na swali dogo la mhadhara, taja jina lako, sema ni mwaka wa kwanza. Kiingereza kikikwama, changanya na Kiswahili, hatakufukuza. Siku hiyo hiyo pita kwa mshauri wa wanafunzi, ujue tu ofisi iko wapi na nani anakaa pale. Chukua namba ya CR, yaani mwakilishi wa darasa lenu. Basi.

Mwaka niliorudia nilifanya hivyo kwa sababu sikuwa na cha kupoteza. Wiki ya tatu mhadhiri wa takwimu akanikuta kwenye korido akaniita kwa jina, akauliza kama lile swali limeeleweka. Kuanzia hapo nikaanza kukaa vimbweta, yale mabenchi ya kusomea nje, na wenzangu nikabishana nao, na kwenye semina nikanyoosha mkono. Mwaka mzima wa kukaa kimya haukunizoesha chochote.

Kuhusu hosteli, ukipata chukua, maana matangazo utayasikia mapema kuliko aliyeko geto. Laptopu na bumu wengine watakujibu.

Ukishaonana na huyo mhadhiri wa kwanza, rudi hapa uandike imekuwaje. Uzi huu naufuatilia.